Vidonge Ndani ya Debe la Mchele

Bwana asifiwe, watu wa kijiji cha Wema! Itikieni vizuri, maana mlikaribia kuimba bila mimi.

Ndugu zangu, mnanijua, mimi ndiye Mama Jilo. Kabla ya msimu huu wa mpunga nilisimama hapa hapa nikawaambia Bwana ameniponya mgongo. Mkapiga vigelegele, nami nikaruka. Na kweli wiki ile mgongo ulinyamaza. Halafu tukaanza kupalilia, ukarudi na hasira!

Ningewaambia nini? Mlikuwa mmeshaanza kuniletea wagonjwa wenu niwaombee. Niliona haya. Nikawa nanunua aspirini mjini Garsen na kuzificha ndani ya debe la mchele. Nilianza na mbili, nikaongeza, hata bila chakula. Wakati wa mavuno nilizimeza siku mbili mfululizo mpaka hesabu ikanipotea. Mume wangu hakujua lolote.

Asubuhi ya tatu masikio yalivuma, nikatapika, nikawa nahema kama niliyetoka mbioni. Mkaja mkaniombea, Mungu awabariki. Wengine mkakemea pepo. Pepo mwenyewe hakuwa na habari!

Baba Jilo akanikimbiza hospitali ya Ngao. Daktari akauliza, "Amekunywa dawa gani?" Baba Jilo akajibu kwa fahari, "Huyu hanywi dawa, daktari. Aliponywa kanisani."

Ndugu zangu, nilitaka kunyamaza. Nakiri mbele zenu, niliona afadhali nife na ushuhuda wangu kuliko niishi nikiitwa mwongo. Nikaomba kimoyomoyo, Bwana, nipe mdomo. Naye akanipa! Nikasema, "Baba Jilo, nisamehe. Ni aspirini. Nyingi. Tangu juzi."

Daktari hakunigombeza. Alisema dawa imezidi mno kwenye damu na figo zangu haziwezi kuitoa kwa haraka, kwa hiyo lazima damu isafishwe kwa mashine. Gari la wagonjwa likanipeleka Malindi. Huko wakaniwekea mpira shingoni, damu ikawa inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi mwilini ikiwa safi. Masaa manne! Baba Jilo alikaa kando akiitazama.

Mvumo ulipopungua masikioni, nikamsikia ananiuliza polepole, "Mgongo unauma?" Nikamjibu, "Unauma, baba." Nikalia mpaka nikachoka. Jamani, nilijisikia mwepesi!

Namshukuru Mungu kwa daktari yule, kwa mashine ile, na zaidi kwa kunifungua mdomo. Na wewe unayeficha maumivu kwa sababu uliwahi kushuhudia, mtegemee Bwana, hatakukasirikia ukienda hospitali. Mwambie Yeye ukweli, na daktari pia, umtajie kila kidonge. Mimi alinisikia nikiwa na aibu tele, wewe atakuachaje?

Basi wapendwa, ningependa kuendelea, lakini mgongo unaniuma. Naomba kiti.