Mama Ken na Ndege Iliyofungwa Maboya Kinyume

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, saa kumi na moja jioni, Bi. Kerubo Momanyi, ambaye karibu nyote humu mnamwita Mama Ken, alifunga kaunta ya Duka la Dahlquist, University Avenue, kwa mara yake ya mwisho. Alikuwa amelitumikia duka hilo miaka ishirini na mitatu, miezi minane na siku ishirini. Hizo siku ishirini ni yeye aliyenikumbusha nisizisahau.

Mzee Dahlquist, mwenye duka, ameshaandika ya kwake kwa Kiingereza na kuyasoma dukani jana, huku pua imekuwa nyekundu. Mimi Anicet, niliyefanya kazi na Mama Ken miaka tisa, nimeombwa niandike haya ya Kiswahili kwa ajili ya ukumbi huu wa kanisa, kwa sababu ninyi mmemuuliza swali moja tangu afike nchi hii: kwani huko kazini unauza nini hasa? Nawaelewa. Nusu ya ukumbi huu ni manesi na wahudumu wa wagonjwa, na mtu akisema anatoka shifti kila mmoja anajua ametoka wapi. Dada Wairimu hapo mbele alimletea fomu za kuomba kazi katika nyumba ya wazee mara nne, kwa huruma tu, akiamini Mama Ken anauza midoli na anaona haya kusema.

Basi leo mjue. Mama Ken ameuza maboksi. Ndani ya boksi mna vipande vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya mchele, ambavyo mtu akiviunga kwa gundi na kuvipaka rangi anapata ndege, meli, kifaru au gari, mfano kamili wa ile ya kweli. Huitwa modeli. Wanunuzi ni watu wazima, wengi wao wanaume wenye mvi, na mmoja aliwahi kukaa miezi saba na manowari moja. Nilipoanza kazi nilifikiri nitazoea, nisishangae tena. Nashangaa hadi leo.

Kabla ya kuja Marekani, Mama Ken aliuza baiskeli mjini Kisii. Baiskeli zilifika dukani vipande vipande kwenye maboksi, na mteja akichagua yake aliandika jina kwenye karatasi, ikabandikwa juu ya boksi. Maana yake ilikuwa moja: Jumamosi nitakuja, nikute imefungwa, inatembea. Siku ambazo fundi hakuja, Mama Ken alizifunga mwenyewe, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 2002, akiwa na wiki nne kazini, alipoona chini ya kaunta boksi lililobandikwa karatasi ambayo mteja aliiandika mwenyewe mbele yake, "Nygaard, Jumamosi", hakuuliza mtu. Na wa kumuuliza hakuwepo. Mzee Dahlquist alikuwa amekwenda kuwinda bata. Lilikuwa boksi la ndege ya kutua ziwani, ile yenye maboya mawili chini badala ya magurudumu. Mama Ken aliiunga kwa siku tatu, saa za chakula cha mchana, bila kusoma karatasi ya maelekezo, kwani aliyefunga baiskeli mia mbili atasomea nini ndege ya plastiki? Rangi hakujua kwamba zinauzwa rafu ya nyuma yake, akatumia rangi ya kucha iliyokuwa kwenye mkoba, nyekundu, kwenye ncha za pangaboi. Kioo cha rubani alikibana kwa kidole gumba chenye gundi. Maboya aliyafunga nyuma mbele. Ndege ile ingetua ziwani, ingeelekea kule ilikotoka.

Jumamosi Bwana Nygaard alikuja. Alikuta ndege imesimama juu ya kaunta, na nyuma yake Mama Ken amesimama anatabasamu. Mzee yule alivua kofia. Akaitazama ndege kwa muda mrefu, akasema asante, akaichukua kwa mikono miwili pamoja na boksi lake tupu na kwenda nayo kwenye gari. Hakurudi tena.

Jumatatu Mzee Dahlquist alimweleza taratibu kwamba karatasi ile ilikuwa ya kumwekea boksi tu, kwamba mteja wa hapa analipia raha ya kuunga mwenyewe, na ukimuungia umemlia chakula chake. Kisha alicheka mpaka akatafuta kiti. Mama Ken hakucheka. Watu wa Minnesota mnawajua: mtu akikukasirikia anakuambia asante na unabaki hujui umemkosea kiasi gani. "Si ata angenitukana tu, Anicet," aliniambia miaka kumi na mitano baadaye, "nijue imeisha." Namba ya simu aliyoiacha Nygaard ilikuwa imekatwa. Mama Ken alipiga kwa akina Nygaard wote wa kitabu cha simu, na jimbo hili lina akina Nygaard kama Nyamira ilivyo na akina Momanyi. Alitaka kumwambia neno moja tu: samahani. Kila mzee mgeni alipofungua mlango wa duka, Mama Ken alimtazama kwanza usoni, na ilichukua miezi kabla sijajua anamtafuta nani.

Msidhani alikaa anasononeka. Alijifunza duka lile kuliko mwenyewe. Alijua modeli ya meli ipi ina nanga inayovunjika, na gundi ipi inaumiza kichwa. Wateja walimwita Kay, akawaachia, ila aliwafundisha kusema "pole" mtu anapoangusha kipande kidogo kwenye zulia, na sasa kuna wazee wa asili ya Kinorwei wanaotambaa sakafuni wakiambiana pole kwa lafudhi inayovunja mbavu.

Kisha wateja wakaanza kupungua. Alipoanza kazi, kwa hesabu yake, maduka kama letu yalikuwa manane katika miji hii miwili jirani na vitongoji vyake. Leo yamebaki mawili, na letu mkataba wa jengo unakwisha Septemba. Kila mtu alikuwa na jibu: intaneti, simu, watoto wa siku hizi. Ken mwenyewe, mwanawe, alimwambia, "Mom, nobody has time." Mama Ken hapendi jibu ambalo hajalikagua. Mteja akipotea miezi mitatu, alimpigia simu kumuuliza anaendeleaje. Wachache waliaga dunia, wengine walihamia Arizona, wengine macho yalikuwa yameisha. Lakini wengi walimwambia kwa aibu jambo ambalo halikuwa akilini mwetu: wanayo ya kutosha. Mzee mmoja wa Roseville alikuwa na miaka themanini na moja, na besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, yenye maboksi mia nne ambayo hayajafunguliwa. Akiunga moja kwa mwezi angehitaji miaka thelathini na mitatu.

Nilimuuliza Mama Ken ni kwa nini mtu mwenye akili anunue maboksi asiyoweza kuyamaliza. Alifikiri siku nzima, akanijibu tukifunga duka: mtu akinunua boksi anaamini amenunua pamoja nalo na Jumamosi ya kuliungia.

Hapo ndipo alipobadilisha kazi yetu. Wajane na watoto wa wateja walikuwa wakipiga simu: baba amefariki, njooni mchukue haya maboksi. Zamani Mzee Dahlquist alikwenda na gari, akahesabu, akapakia, saa moja imekwisha, na familia zikabaki na uchungu. Mama Ken alisema hapana, huo ni msiba, na msibani watu hukaa. Akawa anakwenda na mandazi. Anakaa sebuleni, anakunywa kahawa yao nyepesi bila kukunja uso, anauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, wala hataji boksi mpaka wenyewe wainuke na kutuonyesha ngazi ya kushukia. Mimi, mbeba maboksi, mwanzoni nilikasirika. "Mama Ken, tutashuka saa ngapi? Njo kahawa ya tatu hii," nilimnong'oneza kwa Kiswahili cha kwetu. Naye: "Relax, Anicet. Boksi haziendi mahali." Duka letu limeishi miaka minane ya ziada kwa maboksi hayo, na familia nyingi bado zinamtumia kadi za Krismasi.

Februari mwaka huu tuliitwa mji wa Savage, nyumba ndogo upande wa mtoni. Aliyepiga simu alikuwa mwanamke wa makamo aliyefiwa na baba, akijitaja kwa jina la mumewe. Tulikaa, mandazi yakatoka, kahawa ikaja. Mama Ken alikuwa katikati ya kikombe cha kwanza nilipoona mkono wake umesimama hewani. Nikafuata macho yake. Juu ya piano palikuwa na ndege ya kutua ziwani, maboya nyuma mbele, ncha za pangaboi nyekundu zinang'aa kama zimepakwa jana.

Mama Ken aliweka kikombe chini, akauliza kwa sauti ndogo ile ndege aliiunga nani. Yule binti akacheka: hata wao hawajui. Akasimulia kwamba baba yake, Bwana Nygaard, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono kiangazi cha mwaka 2002. Hakuwaambia marafiki. Alikaa mbele ya maboksi yake miezi kadhaa bila kufungua hata moja, kisha akaagiza moja jipya, la mwisho, ajaribu bahati yake. Jumamosi akarudi na ndege iliyokwisha kuungwa, akaiweka juu ya piano, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi akala chakula chote. Alisema dukani kuna mama ambaye aliiona mikono yake alipokuwa akiandika jina, akamuungia bila kumuuliza, ili asilazimike kusema. Hakurudi kwa sababu hakuwa na cha kununua tena. Aliishi miaka mingine ishirini na mitatu, na yeyote aliyetaka kuyageuza yale maboya alifukuzwa sebuleni. Kitu kimoja tu, alisema binti, watoto wa nyumba hii wamekiuliza miaka yote: hiki kidole kilichoacha alama kwenye kioo ni cha nani?

Mama Ken alisimama. Alikuwa amebeba samahani kwa muda wote huo, na mwenye kuidai alikuwa amekufa akimshukuru. Nilimtazama, nikawaza: sasa atasema habari za baiskeli za Kisii. Alikwenda kwenye piano, akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko zamani, lakini mistari ilikaa mahali pake. "It's mine," alisema. Baiskeli hakuzitaja. Yule binti alimkumbatia, wakalia wote wawili, nami nikashuka besmenti kuhesabu maboksi ambayo hakuna aliyeniomba nihesabu.

Aliomba auziwe ile ndege. Binti alikataa kwa heshima, na sikuwahi kumwona Mama Ken akifurahi hivyo kwa kunyimwa kitu. Ndani ya gari, tulipofika daraja la mto, aliniuliza: "Sasa hii sorry yangu niipeleke wapi?" Binti yule hasomi Kiswahili, kwa hiyo nayaandika haya humu bila wasiwasi, na ninyi mtanisaidia kunyamaza.

Ila mimi ni mtu wa kuuliza. Nimemuuliza mara tatu: una hakika hukuiona mikono yake siku ile? Mara mbili alisema hakuona kitu, alikuwa akifikiria baiskeli tu. Mara ya tatu, wiki iliyopita, alikawia. Akasema anakumbuka ile karatasi. Maandishi yalikuwa yakipanda na kushuka vibaya mno, akamhurumia mzee wa watu, akidhani hakupata shule, na akaona afadhali amfungie mwenyewe. Alipokwisha kusema hivyo alinitazama, na hapo tukaelewa sote ni mikono ya namna gani huandika hivyo.

Jana, kabla ya kufunga kaunta, Mama Ken alinunua boksi lake la kwanza katika miaka yote hiyo. Ni ndege ileile ya kutua ziwani, na nimemwona akitia na chupa ya rangi ya kucha kwenye mkoba. Maelekezo ameyaacha dukani.

Mama Ken, kwa niaba ya Mzee Dahlquist, wateja wako wanaoambiana pole na mimi mbeba maboksi, asante kwa kutukalisha chini kila tulipotaka kukimbia. Mungu akupe afya ya macho na mikono iliyotulia. Boksi unalo, na Jumamosi zote kuanzia leo ni zako.