Ufunguo wa Mwalimu Mumbua

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Mumbua wa Muyeye, hapa Malindi, aliyewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kusoma Kijerumani. Kusoma, nasema. Kukizungumza, shauri yao.

Mwaka 1984 wanafunzi walikuja Dabaso, kusini mwa mji wetu, kuchunguza mikoko. Vitabu walivyopewa vilikuwa vya Kijerumani. Mumbua alikuwa karani wa hoteli waliyofikia, na lugha hiyo alijifunza mwenyewe kwa barua za wageni. Wakamwomba awatafsirie. Akakataa katakata! "Nikiwatafsiria leo, kesho mtanibeba mfukoni?"

Badala yake akawafundisha kusoma, sebuleni kwake. Kamusi aliifungia kwenye kabati la unga, ufunguo akauvaa shingoni. Hujamaliza ukurasa, kabati halifunguliwi. Ukikwama kwenye neno, jibu lake lilikuwa moja: "Pita, mwanangu. Utalikuta mbele."

Mwanafunzi mmoja, Kitsao, alimtoa jasho. Alikabiliwa na mtihani wa kusoma kurasa mbili mbele ya maprofesa, bila kamusi. Akishindwa, chuo basi. Naye, loo, alikuwa na kamusi yake ya siri! Juu ya kila neno kitabuni ameandika Kiswahili kwa penseli. Mwalimu alipoona, moyo ulimuuma. Akachukua kifutio, akafuta ukurasa baada ya ukurasa.

"Tunaanza upya," akasema.

Wiki sita, kila alasiri, hakumpa nafasi ya kupumua. Mtihani ulipofika, Kitsao alisoma kurasa zote mbili, akafaulu.

Mwezi uliopita Mwalimu alikuwa kitandani, haoni tena. Binti yake, Kasiva, anasimulia: "Kitsao alikuja kumsomea mama kitabu cha Kijerumani. Akafika pahala akakwama. Akauliza, 'Mwalimu, neno hili maana yake nini?'  Tukadhani mama amelala. Mara akaushika ufunguo shingoni, akasema, 'Pita.' Kitsao akaendelea kusoma huku analia. Mama hakusema neno jingine hadi alipofariki."

Kasiva na jamaa wote, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tulio na watoto na wanafunzi, tujiulize: ni mangapi tunawafanyia ambayo wangeyaweza wenyewe?

Jana nilipita Muyeye. Sebuleni mle, wanafunzi tisa wameinamia vitabu. Mmoja akainua mkono, akauliza neno. Kitsao akamtazama, ufunguo wa Mwalimu uko shingoni mwake, wala hakumjibu.