Flavian Leonsi na Gari la Betri la Kilima cha Pito

Tunayemzika leo ni Flavian Leonsi, fundi wa magari, mume wa Cornelia na kaka wa Kalista aliyeandika karatasi hii. Ukoo ulimwambia Kalista aandike kwa heshima na kwa kifupi. Heshima ataijaribu.

Flavian alizaliwa hapa Pito tarehe 3 Mei 1929, mtoto wa kwanza wa mzee Leonsi na mama Dominika, wakulima wa ulezi na mahindi. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1938 hadi 1942, akaishia darasa la nne. Hesabu alizimudu, dini aliimudu, kilichomshinda ni kutulia. Aliifungua saa ya mezani ya mwalimu ili aone kinachotembea ndani, na wiki nzima shule ikaendeshwa kwa kutazama jua. Viboko alivipata, lakini saa aliirudisha ikiwa inatembea.

Mwaka 1948 alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, akakaa huko miaka kumi na tatu. Alirudi na baiskeli, kikohozi, na hadithi ambayo hakuna aliyeisadiki: kwamba chini kabisa ya ardhi ameona vichwa vya treni vikivuta mawe kwa nguvu ya betri, bila moshi wala petroli. Watu wa Pito walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kumchekea majumbani mwao.

Tarehe 16 Novemba 1963 alifunga ndoa na Cornelia wa Kirando. Alipokwenda kuposa alikuta injini ya mtumbwi wa baba mkwe imekufa, akaikalia siku mbili, na posa akaisahau mpaka mshenga alipomkumbusha. "Huyu ameifuata injini au amenifuata mimi?" aliuliza Cornelia. Mpaka leo anasema hakupewa jibu la kueleweka. Mwaka uliofuata Flavian aliajiriwa karakana ya serikali mjini Sumbawanga, na huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote.

Mwaka 1979 petroli ikaadimika. Landrova ya polisi ilishinda imeegeshwa nje ya kituo mpaka kuku wakataga chini ya kiti cha dereva. Sajini Nsajigwa, mtu wa Tukuyu na rafiki mkubwa wa marehemu, alikuja karakana akiwa amechoka kwa kutembea.

"Mzee Flavian, wezi wameshajua hatuna mafuta. Siku hizi hata hawakimbii, wanatembea."

Flavian akaikumbuka ile treni ya mgodini. Akachukua pikapu chakavu, akaitoa injini, akafunga mota ya umeme ya winchi kuukuu ambayo Nsajigwa aliipata kwenye vyuma chakavu kule Mbeya, akapanga betri nane za malori nyuma ya kiti. Misheni walimruhusu kuzichaji kwa dainamo ya kinu chao, kinachozungushwa na maji ya mto. Zikichajiwa kutwa nzima, gari lilikwenda kilometa thelathini kwenye tambarare. Betri zilihitaji maji safi, kwa hiyo alikinga ya mvua kwenye pipa, na Cornelia hakuruhusiwa kuyagusa hata kwa chai.

Polisi wakaanza kulipanda siku za soko, na kweli lilifaa. Wezi wa ghala la kijiji walikamatwa wakipokezana gunia la mahindi, kwa kuwa hawakusikia kitu mpaka Nsajigwa aliposhuka na kuwasalimia. Habari ikafika mkoani. Afande mmoja mkubwa akasema gari likipanda kilima cha Pito, polisi watalichukua rasmi, litapewa betri mpya, na Flavian atatengeneza la pili. Kaka hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyolitaka hilo.

Jaribio lilifanyika Jumanne, tarehe 18 Agosti 1981. Walipoondoka mjini pamoja na yule afande, Nsajigwa alimwonya Flavian. "Mzee wangu, leo usimbebe mtu. Sisi watatu tu."

"Nimesikia," alisema Flavian.

Kusikia alisikia. Lakini ninyi mnaijua barabara hii. Hapa kwetu gari halimpiti mtu mwenye mzigo, na akipitwa, jioni ukoo mzima wa dereva utapata taarifa. Kwenye kona ya kwanza alisimama bibi na debe la chumvi. Flavian akafunga breki. "Shikamoo bibi, panda." Mbele kidogo akatokea mzee na bati lake. Afande akakohoa, Flavian akamwambia kwa upole, "Samahani afande, huyu ni shemeji." Walipofika chini ya kilima walikuwa watu tisa, magunia mawili ya ulezi na mbuzi. Katikati ya mwinuko mota ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Afande alitoa daftari, akaandika: Halifai kwa milima.

"Ungewapita tu, mzee," Nsajigwa alimwambia wakati wakisukuma.

"Ningewapitaje? Na gari likiwapita watu, linakwenda Pito kufanya nini?"

Ilimuuma sana. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alimwambia mkewe, "Litapanda tu, hata kama nitakuwa nimelala humo ndani." Alijaribu tena mara nne, na mara zote nne alipakia watu. Polisi waliendelea kuliazima kwa doria za mjini, kwenye tambarare.

Kile kikohozi cha mgodini kilimzidi Januari mwaka huu. Alilazwa hospitali, akauguzwa na mkewe, akafariki Alhamisi tarehe 9 Juni 1983, saa nne asubuhi. Siku moja kabla alimuuliza Nsajigwa kama betri zina maji. Ameacha mjane Cornelia, watoto Zita, Fransisko na Eustaki, mjukuu mmoja, dada yake Kalista, na gari.

Aya hii Kalista ameiongeza kwa kalamu leo Jumamosi, karatasi zikiwa zimesharudufiwa. Marehemu ameletwa kwa gari lake, Nsajigwa akiendesha. Kwenye kona ya kwanza alikuwepo bibi yuleyule, safari hii na mzigo wa kuni. Nsajigwa alisimama kwa mazoea. Bibi akatikisa kichwa. "Leo mwacheni apande mwenyewe," alisema, akaungana nasi kwa miguu. Njia nzima watu walitoka na mizigo yao, wakatembea nyuma, na hakuna aliyeomba kupanda. Afande yule naye alikuwemo, kofia mkononi. Gari lilipita pale lilipokufa mwaka ule, na tulichosikia ni tairi zikisaga changarawe. Lilifika juu lenyewe bila kusukumwa, na Nsajigwa akalia mpaka akashindwa kushuka. Cornelia akaweka mkono juu ya jeneza. "Umefika, baba Zita," alisema.

Mungu akupumzishe, kaka. Gari tutalichaji.