Jina Lirudishwe kwa Mwenyewe: Maisha ya Mama Rangi

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa zamani mliofika hapa, haya ndiyo maisha ya Mama Rangi. Yatasomwa yote. Wapo waliotaka yafupishwe, na wapo waliotaka marehemu asizikwe katika kiwanja hiki cha ukoo. Wote wamesikilizwa. Kaburi limechimbwa hapa.

Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 14 Machi 1946. Siku hiyo kweli alizaliwa mtoto wa kike katika ukoo huu, lakini hakuwa yeye. Mtoto yule alifariki kwa homa Novemba 1950, akazikwa papa hapa, upande wa ukutani. Mama Rangi alizaliwa ng'ambo ya mto, kwa wazazi ambao hakuwakumbuka hata sura. Juni 1951, watu wa ng'ambo walipokuwa wakisakwa na askari nyumba hadi nyumba, mfanyakazi mmoja wa reli alimkuta amejificha ndani ya behewa la magunia, akamkadiria miaka mitano. Alimfunika kwa koti lake, akampeleka kwa mkewe. Mkewe alimtazama, kisha akafungua sanduku la nguo za binti yake aliyekufa.

“Ukiulizwa jina, sema hili,” alimwambia akimfunga vifungo.

Tangu asubuhi ile akawa na jina, baba, mama, kaka na siku ya kuzaliwa, vyote vya mtu mwingine. Wakubwa wa ukoo walikubaliana kufunga vinywa. Kaburi la mtoto likaachwa bila alama, maana kama askari angesoma jina pale kaburini, kisha akalisikia likiitwa uani, angeuliza maswali.

Alisoma katika shule ya watoto wa reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1960. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuchora. Aliwahi kuchapwa kwa kumchora mwalimu mkuu ubaoni. Mwalimu alilalamika kwamba kitambi kimezidishwa. Darasa zima lilijua kimepunguzwa.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika studio ya picha iliyotazamana na mahakama. Alianza kwa kufagia chumba cha giza, baadaye akapewa brashi. Enzi hizo picha zilitoka nyeusi na nyeupe, na yeye ndiye aliyezitia rangi kwa mkono: gauni la bibi harusi, mashavu ya watoto, anga. Ndipo mtaa ukampa jina la Mama Rangi, kabla hajawa mama wa yeyote. Mzee mmoja mwenye upara alimwomba amrudishie nywele. “Baba, mimi natia rangi,” alimjibu. “Sifufui.” Wanafunzi wake aliwafundisha jambo moja kabla ya mengine yote: tafuta kwanza mwanga unatoka wapi. Kivuli cha pua hakidanganyi.

Fundi baiskeli mmoja alikuja kupiga picha akaomba achorewe tai, kwa sababu hakuwa nayo. Wiki iliyofuata alirudi. “Tai nimeshapata,” alisema. “Sasa kwenye picha naona pembeni pako wazi.” Walifunga ndoa Septemba 1966, wakaishi pamoja hadi fundi alipofariki mwaka 2009.

Kabla ya wakwe kuja kuposa, mama aliyemlea aliingiwa na hofu. Sebuleni ilitundikwa picha ya familia ya mwaka 1949, na mtoto aliyekuwamo alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa shavuni. Wakwe wangeuliza alama imekwenda wapi. “Wewe ndiye fundi,” mama alimwambia. “Itengeneze.” Alimkata yule mtoto kwa wembe, akabandika picha yake mwenyewe ya darasa la kwanza, akaipiga yote upya na kuitia rangi. Wakwe hawakugundua kitu. Kipande alichokata hakukitupa. Alikiweka ndani ya kopo la brashi, na hata siku moja hakuhama nyumba bila kopo hilo.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, kitanda kikahamishiwa sebuleni. Mjukuu wake wa miaka kumi na sita, aliyefundishwa brashi naye, alikuwa akifuta vumbi kwenye ile picha, akasita.

“Bibi, jua linawapiga wote kutoka kushoto. Mbona wewe linakupiga kutoka kulia?”

Bibi alicheka hadi akakohoa. “Nililiona kosa hilo siku ya pili tu. Ningeweza kulirekebisha. Nikasema liache, atakuja mwenye macho. Umechelewa, mama! Karibu miaka sitini nakusubiri.”

Akamwambia yote, kisha akaitisha kikao cha familia na kusema tena, ameketi, kwa sauti yake mwenyewe. Mtoto wa kaka yake, ambaye yuko hapa leo, alisimama.

“Shangazi, kwa heshima zote, kama si damu yetu, utazikwa kwetu kwa haki gani?”

Aliyejibu ni baba yake mzazi, kaka wa marehemu, ambaye siku ile ya koti alikuwa na miaka tisa na hakuwahi kulisema popote.

“Kaa chini, mwanangu. Mama yako alipougua miaka mitatu, nani alimlisha uji? Damu yako ilikuwa wapi? Yule ni dada yangu. Kama yeye hana nafasi pale, basi na mimi mtanitafutia pengine.”

Ndipo Mama Rangi akasema: “Jina lile ni la mtoto wa watu. Lilinificha, nalishukuru, nimelichosha. Mrudishieni mwenyewe. Mimi mniandike Mama Rangi. Hilo sikuazima, nimelifanyia kazi.”

Alifariki hospitalini Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Leo, kabla ya jeneza kufika, kaburi la ukutani limewekewa jiwe lenye jina kamili la mtoto yule na tarehe zake mbili, na picha yake, kile kipande cha koponi, pamoja na alama yake, imechapishwa ukurasa wa pili wa ratiba mliyoshika. Jiwe la Mama Rangi halitakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Hatukuijua, na hatutatunga nyingine.

Ameacha kaka mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na mtoto wa kaka aliyekuja na koleo lake mwenyewe. Ameacha pia watu wake wa ng'ambo ya mto, popote walipo, kama wapo. Wakija kumuuliza, tutawaleta hapa.

Lala, Mama Rangi. Hujifichi tena. Uko kwenu.