Mama Mukai na Swali Alilowauliza Wenye Beji

Ndunge Kimanzi, ambaye sote humwita Mama Mukai, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka ishirini na tisa katika kampuni yetu ya utalii hapa Upper Hill. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wateja waongozaji wa uwindaji nchi za nje, kwa kuwa hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku zamani. Mwenyewe hajawahi kuwinda hata panya. Nyama hununua machinjioni Dagoretti, ikiwa imeshatulia.

Alianza kama mpokea simu, ofisi ikiwa bado katikati ya mji, na huenda ndiyo sababu aliamini simu kuliko cheti. Waongozaji wengi hujitambulisha kwa beji ya chama chao cha kitaaluma. Mama Mukai aliitazama beji, akakipigia simu chama chenyewe, akauliza: mwanachama wenu wa mwisho kukosea mlimfanya nini? Chama kimoja kilijibu kwamba wanachama wake hawakosei. Alikishukuru kwa adabu, na huo ukawa mwisho wa shughuli zake nacho.

Chama hicho hicho ndicho kilichotuletea taabu. Mzee Mbuthia, mwenye nyumba za kupangisha kule Mutuini, alitaka kuwinda nyati kabla magoti hayajamkataza. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Kibe, alimpatia mwongozaji mwenye beji ya chama kile, kubwa kama kisosi. Mama Mukai akakataa kutia sahihi. Bwana Kibe akamwambia atie sahihi au aende nyumbani. Alichukua mkoba na sweta, akaacha mwavuli, jambo lililotupa matumaini.

Mlangoni alikutana na Nyokabi, mke wa mzee, aliyekuja kuuliza mumewe anaenda porini na nani. Hapo Mama Mukai akasema maneno ambayo hadi leo tunayarudia saa ya chai: "Mama, chama cha huyo ni yeye, shemeji yake na muhuri. Mzee akiumia, utamuuliza nani?"

Nyokabi aliingia kwa Bwana Kibe na kufunga mlango. Alipotoka, Mama Mukai alikuwa amerudishiwa kazi yake, na mzee amebadilishiwa mwongozaji.

Ingependeza kuandika kwamba safari ilikuwa salama. Wapi! Mwongozaji aliyechaguliwa na Mama Mukai, mwanachama wa chama kinachoheshimika, alimpandisha mzee juu ya mti mkavu, tawi likakatika, na mzee akarudi na mguu uliovunjika. Nyati hakudhurika. Bwana Kibe alitabasamu wiki nzima. Mama Mukai alilia, na hatukuwa tumewahi kumwona akilia.

Kisha katibu wa chama cha mwongozaji huyo akapanda ndege, akaja mpaka Mutuini, akaketi sebuleni kwa mzee. Alisema kosa ni la mtu wao, kwamba wamemsimamisha kazi msimu mzima, na kwamba matibabu watayasimamia wao. Mzee Mbuthia, aliyeishi na wapangaji miaka nenda miaka rudi, hakuwa amewahi kusikia mtu akikiri kosa bila kusukumwa. Akaagiza chai nyingine. Tangu hapo swali la Mama Mukai ni sheria ya kampuni, na aliyeitangaza ni Bwana Kibe mwenyewe, akitazama dirishani.

Ajabu ni kwamba Mama Mukai mwenyewe alikuwa hajajiunga na chama chetu cha wafanyakazi miaka hiyo yote. Alimuuliza mwenyekiti wetu, Sammy, swali lile lile, na Sammy bado anatafuta jibu. Jumatatu iliyopita Mama Mukai akaja kujiunga. Sammy akamkumbusha kwamba mstaafu haruhusiwi. Mama Mukai akasema kazi anaiacha, lakini watu wa kuulizwa habari zake bado anawahitaji. Tulibadilisha katiba kabla chai haijapoa.

Asante, Mama Mukai. Mzee Mbuthia atakuwepo Ijumaa, na amekataa lifti. Mguu ule ule utapanda ngazi. Pumzika vyema huko Machakos, ufuge kuku wako kwa raha. Na yeyote akikukosea, wa kuulizwa tupo.