Asser Ganuseb na Magari Yasiyoacha Alama

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa sita mchana, Bwana Asser Ganuseb atakabidhi funguo za gari namba moja na kustaafu, baada ya kuitumikia Kambi ya Magharibi miaka thelathini na minne, miezi saba na siku kumi na tatu. Alitimiza miaka sitini mwezi Septemba. Anaondoka na afya yake, meno yake yote isipokuwa mawili, na leseni isiyo na kosa hata moja.

Alizaliwa Sesfontein, kaskazini-magharibi mwa Namibia, mtoto wa tano wa mchunga mbuzi. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 15 Aprili 1991 kuchimba mashimo ya vyoo. Miezi minne baadaye dereva mmoja aliumwa mgongo, na Asser akapewa gari la kushikia kwa siku moja. Hakulirudisha. Mwaka 1998 aliteuliwa kuwa mkuu wa madereva, na hajawahi kupewa cheo kingine kwa sababu hajawahi kukiomba.

Kambi yetu ya watalii haiuzi safari zilizopangwa tayari. Mgeni hupimwa kama anavyopimwa kwa fundi cherehani: analala saa ngapi, anapenda nini, anaogopa nini, amechoshwa na nini huko kwao. Kisha safari inakatwa na kushonwa imtoshe yeye peke yake. Sisi tunaiita safari ya kipimo, na kwa miaka mingi mkasi ulikuwa mkononi mwa Asser. Mgeni aliyetaka kunywa chai tembo wakipita, aliwekewa meza saa kumi kasorobo kwenye mkondo mkavu wa mto Hoanib, na tembo wakapita saa kumi na dakika tano. Mgeni mwingine alitaka kuoga maji ya moto katikati ya jangwa, mahali pasipo na mti wala mtu. Asser alifunga beseni la chuma juu ya gari na kulisafirisha kilomita sitini na mbili. Maji yalipokuwa tayari na mgeni yumo kwenye povu, mama mmoja wa Kihimba akatokea na mbuzi wake, akamtazama vizuri, kisha akamuuliza Asser huyu mtu anaumwa nini.

Lakini kitu kilichoombwa kuliko vyote kilikuwa mchanga ambao haujakanyagwa. Kila mgeni alitaka kuwa wa kwanza. Mwaka 2003 Asser alitengeneza mkeka wa minyororo na vipande vya tairi, ukaburutwa nyuma ya gari na kufuta mapito yake. Ulifanya kazi vizuri mno. Magari yote saba yalifungwa mikeka, na kila dereva mpya alifundishwa na Asser kanuni moja kabla ya kufundishwa gia: usiache alama, usiache jivu, usiache hata ganda la yai. Makao makuu ya kampuni mjini Swakopmund yalimpa cheti. Bado kinaning'inia mapokezi.

Wasifu huu ungeweza kuruka tarehe 18 na 19 Agosti 2014. Asser mwenyewe ameomba zisirukwe.

Jumatatu ile, saa mbili asubuhi, dereva Tjikunda Muharukua alitoka na Bwana na Bibi Aaltonen, wageni waliopita miaka sabini. Kipimo chao kilikuwa hiki: siku nzima bila redio, bila simu, na njia ambayo hata ofisi haiijui. Asser ndiye aliyeidhinisha. Redio iliachwa kambini. Tjikunda aliambiwa achague mwenyewe, akifika njia panda, moja kati ya makorongo matatu, arudi saa kumi alasiri. Saa tisa siku hiyo hiyo Asser alipita njia panda na mkeka wake, akaisafisha yote, kwa sababu Jumatano wangekuja wageni wengine nao walitaka kuwa wa kwanza.

Saa kumi gari halikurudi. Saa kumi na moja ukungu wa baharini uliingia, na usiku, kwenye ukungu ule, gari haliendi popote. Kulipopambazuka, meneja wa kambi, Rosalia Nghipandulwa, aliingia kwenye hema la wageni kuchukua mablanketi. Kando ya kitanda alikuta kikasha cha dawa za moyo za Bwana Aaltonen. Kidonge cha Jumatatu jioni kilikuwemo. Ndani ya kikasha kulikuwa na barua ya daktari wake, ikisema dozi zisikatike zaidi ya siku moja. Dozi ya mwisho alikuwa ameimeza Jumatatu saa moja asubuhi. Rubani wa Swakopmund alipopigiwa simu alisema hawezi kuruka kabla ya saa sita mchana, ukungu ukiondoka, kama utaondoka.

Asser na Rosalia walitoka na gari moja. Ni kilomita thelathini na moja hadi njia panda. Kila korongo lina urefu wa kilomita arobaini na hakuna njia ya kukatiza kutoka moja hadi jingine. Kuingia lisilo lao kungekula nusu siku, na nusu siku hawakuwa nayo.

Walipofika, Rosalia alishuka na kuuliza mapito ya Tjikunda yako wapi. Mchanga ulikuwa laini kama kitanda kilichotandikwa.

"Nimewafuta," Asser alisema. "Jana saa tisa. Nimewafuta mimi mwenyewe."

Rosalia alirudi kwenye usukani, akakaa, akafunga mlango. Kisha alimuuliza kupitia dirishani wanaanza na lipi.

Asser alikwenda kwa miguu mbele ya gari, mgongo umepinda, pua karibu na ardhi. Ukungu haukumruhusu kuona zaidi ya hatua kumi. Ukivuka pale alipoishia kusafisha, mchanga unageuka changarawe, na mkeka wa minyororo ukipita juu ya changarawe hupindua mawe madogo. Upande wa juu wa mawe yale umechomwa na jua hadi ukawa mweusi; upande wa chini ni mweupe. Gari lililofuta mapito yake huacha mstari wa madoa meupe. Wageni hawajawahi kuyaona. Madereva pia hawakuwa wakiyatazama.

Rosalia alijaribu kumtania ili apumue. Alimwambia Mdamara kama yeye hahitaji mapito, angenusa tu mbuzi walipo. Asser alimjibu bila kuinua kichwa aendeshe polepole, hapa si shamba la uwele la mama yake.

Kwenye korongo la kwanza mawe yote yalikuwa meusi. Kwenye korongo la pili madoa meupe yalionekana mara moja, yamenyooka, wazi kabisa.

"Si hayo hapo, kaka? Twende," Rosalia alisema.

Asser alipiga magoti. Kila jiwe lililopinduka huacha kishimo pale lilipokuwa limekaa. Alitia kidole kwenye kishimo kimoja, kisha kingine, hadi saba. Kingo zilikuwa zimeporomoka na mchanga umejaa ndani. Upepo wa mashariki ulikuwa umevuma Jumapili jioni. Alisema gari hili lilipita kabla ya upepo, ni la wiki iliyopita.

"Una hakika?"

"Sina."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Walirudi nyuma, wakaliacha korongo lenye alama zinazoonekana, wakaenda la tatu. Rosalia anasema ndizo dakika ishirini ndefu kuliko zote alizowahi kuendesha, kwa sababu kila mita ilikuwa inawatoa kwenye kitu alichokiona kwa macho yake na kuwapeleka kwenye kitu ambacho Asser alikigusa kwa kidole.

Kwenye korongo la tatu madoa yalikuwa machache. Vishimo vyake vilikuwa na kingo kali. Asser alikaa juu ya boneti, miguu ikining'inia, na kuelekeza kwa mkono. Mara nne alama zilipotea na mara nne alishuka. Saa tano na dakika ishirini, kilomita ya kumi na saba, walilikuta gari limezama pua kwenye mchanga wa mkondo mkavu, ekseli ya mbele imevunjika.

Tjikunda alikuwa amefunga kitambaa cheupe cha meza kati ya gari na mwamba ili kuwafunika wageni. Maji yalikuwa yamebaki lita tatu. Bwana Aaltonen alikuwa amelala juu ya mto wa kiti, midomo ina rangi ya majivu, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mkewe alikuwa akimpepea kwa kadi ya chakula cha mchana, iliyoandikwa jina lake kwa wino wa dhahabu. Rosalia alimpa dawa. Asser alimgeukia dereva wake.

"Una tairi mbili za akiba. Jana mchana anga ilikuwa wazi. Kwa nini hukuchoma moja?"

"Mzee, ulisema tusiache alama."

Tjikunda hakusema kwa kujitetea. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa akitoa taarifa ya kazi iliyofanyika. Asser alifungua tairi la akiba, akaliviringisha hadi mahali pa wazi, akalimwagia dizeli na kulichoma. Ukungu uliinuka saa sita na robo. Rubani aliuona moshi akiwa bado mbali, akatua kwenye uwanda wa changarawe saa nane kasoro dakika ishirini.

Bwana Aaltonen alilazwa siku tisa, akapona. Daktari aliyempokea aliiambia ofisi kwamba bila dawa ile asingeiona jioni.

Wiki hiyo hiyo Asser alichukua koleo akaing'oa mikeka ya magari yote saba. Aliitwa Swakopmund. Mwenye kampuni alimkumbusha, kwa upole, kwamba wageni wanavuka bahari kwa ajili ya mchanga usio na mapito. Asser alisema, "Nyinyi wauzieni mchanga. Kazi yangu mimi ni kuwarudisha." Akaongeza kwamba mikeka ikirudi, yeye anakwenda nyumbani. Wageni wawili walifuta safari zao mwaka ule. Mikeka haikurudi.

Badala yake kuna daftari langoni. Dereva anaandika jina la korongo, saa ya kutoka na saa ya kurudi, na redio haishuki garini hata mgeni alie. Tangu hapo magari yamechelewa mara arobaini na sita. Hakuna lililotafutwa zaidi ya saa mbili.

Watu wanaosoma takwimu hizo hawamwoni Asser mwenyewe. Kila siku, kuanzia saa tisa alasiri, husimama nyuma ya jiko akitazama magharibi. Hakai. Wapishi wamezoea kumpelekea sahani pale pale, naye hula akiwa amesimama, macho yako kwenye vumbi. Rosalia huwaambia wageni kwamba huyo ndiye mlingoti wetu wa bendera. Tumemcheka miaka kumi na moja. Sasa tunajiuliza ni nani atakayesimama pale Jumatatu, na kusema kweli hatulali vizuri.

Mkuu mpya wa madereva ni Tjikunda Muharukua. Asser ndiye aliyempendekeza, kwa sentensi moja: huyu anafanya anachoambiwa, kwa hiyo mwambieni mambo ya maana.

Jumamosi asubuhi Asser ataondoka kwa gari lake mwenyewe kwenda Khorixas, kwa mkewe Hilde, nyumba yenye bati jipya na mbuzi ishirini na wawili. Jana Tjikunda alimwekea daftari mbele yake. Asser alisema Jumamosi hatakuwa mgeni wala mfanyakazi, na njia hiyo anaijua tangu tumboni mwa mama yake.

"Hutoki langoni, mzee, mpaka uandike," Tjikunda alimwambia.

Waliokuwepo walitazama pembeni. Asser alivaa miwani, akaandika: kupitia Palmwag, kufika saa kumi. Akatia sahihi.

Asante, Bwana Asser, kwa wote uliowarudisha. Uzee wako uwe wa raha, Hilde akushibishe, na ule ukiwa umekaa. Ukifika Khorixas piga simu. Saa kumi ikipita bila simu yako, tunawasha magari.