Mama Nyaya na Mkono wa Kulia wa Mpiga Kinanda

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mitambo cha ukumbi wetu wa muziki, Mama Nyaya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi wanalijua wahasibu. Sisi tulimpa hili kwa sababu ya nyaya zinazoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi.

Aliajiriwa kufunga vipaza sauti. Kompyuta zilipoingia, wengi wetu tulizikwepa. Yeye akazivalia njuga. Kulikuwa na programu mbili, moja ya kusoma nota papo hapo zinapopigwa na kuziongezea wenzake, nyingine ya kuzitengenezea sauti, na hazikuelewana hata kidogo. Yeye ndiye aliyezipatanisha, akidai kwamba kupatanisha mawifi ni kazi nyepesi kuliko hiyo. Anao mawifi wanne, kwa hiyo tulimwamini.

Halafu ukaja mwaka ule mpiga kinanda wetu alipopata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Onyesho limekaribia, uongozi unatafuta mtu mwingine, naye maskini amekuja kuchukua viatu vyake vya jukwaani. Mama Nyaya, ambaye hana kawaida ya kubishana na wakubwa, alisimama mlangoni pa ofisi akasema, "Kiti chake kisikaliwe na mtu mpaka nimalize kuunganisha."

Mpango wake ulikuwa hivi: mkono wa kushoto upige, programu ya kwanza iongeze nota za mkono wa kulia, ya pili izitoe zote kwa sauti. Siku ya jaribio, kwa haraka zake, akaunganisha hata njia ya kurudi, kutoka programu ya pili hadi ya kwanza. Kila nota iliyotoka ikaingia tena, ikaongezewa wenzake, ikatoka nao. Mpiga kinanda aliondoa mkono, kinanda kikaendelea chenyewe kama kimepandwa na mashetani. Mwalimu wa kwaya alitoka mbio. Mama Nyaya alicheka akishika mbavu, ndipo akachomoa waya.

Jioni hiyohiyo aliifunga njia ya kurudi, na ndugu yetu akapiga onyesho zima. Tulilia, tusidanganyane. Hakuna aliyetafuta mtu mwingine tena, mpaka leo.

Mama, asante kwa ulivyotufundisha, na kwa ulivyotukaripia. Mungu akujalie afya, wajukuu watiifu na usingizi mnono wa mchana. Kwenye hafla yako atapiga mpiga kinanda wako yuleyule, na nyaya tutaunganisha sisi. Tumekuwekea kiti cha mbele, kule kwa watazamaji ambako hujawahi kukaa hata mara moja. Kaa umsikilize.